Mume wangu asema corona iliniharibu akili

*Shangazi, naishi Umoja, nauza nguo Gikomba. Nilikuwa na miaka 47 wakati wa kafyu, hedhi ikaanza kuruka miezi. Usiku joto linanipanda, shuka zinalowa. Nilipimwa corona mara mbili, sikuwa nayo. Sasa hedhi imekoma kabisa lakini usingizi haujarudi, na nagombana na kila mtu. Mume wangu anasema corona iliniharibu akili. Ni kweli?*

Dadangu, akili yako ni nzima. Wanawake wengi hukoma hedhi kati ya miaka 45 na 55, na dalili hutangulia miaka kadhaa. Hedhi yako ingeyumba hata kama corona isingekanyaga Kenya.

Joto hilo si homa. Homoni ya estrojeni ikipungua, sehemu ya ubongo inayosimamia joto la mwili huwa nyepesi kushtuka. Kidogo tu, inakufungulia jasho. Linapanda kifuani hadi usoni, dakika chache, kisha unabaki ukitetemeka. Ila mwaka ule, nani hakukimbilia kupimwa?

Mumeo naye hajakosea yote. Kumbuka siku zile: kuanzia Machi 27, 2020, saa moja jioni kila mtu ndani, watoto hawaendi shule, soko limelala, na mwenye nyumba anataka kodi yake. Wasiwasi huchochea joto, joto hukata usingizi, na asiyelala hugombana hata na kijiko. Corona iliukuta moto umeshawashwa, ikaupuliza. Kafyu iliondolewa Oktoba 2021, lakini mwili wako haukusikia tangazo.

Nenda kliniki ukataje jambo lenyewe: kukoma hedhi. Ukisema tu "mwili unauma" utapewa dawa ya maumivu urudi nyumbani. Omba upimwe presha na tezi ya shingo, maana tezi hiyo ikisumbua huiga dalili hizi hizi. Uliza pia kuhusu tiba ya homoni. Huwasaidia wengi, ila kama uliwahi kuugua saratani ya matiti au kuganda damu, mweleze daktari kwanza. Ukiona damu tena baada ya miezi 12 bila hedhi, usingoje. Na huzuni ikikukalia wiki mbili mfululizo, isemee hapo hapo kliniki.

Mzee msomee jibu hili. Usiku fungua dirisha, wewe ujifunike leso tu. Akisikia baridi, blanketi lote ni lake.