Kupata waandishi wa habari kwa mradi wa programu (software) inayotengenezwa kwa kujitolea: uzoefu wangu

Mkuu, umesema mmetuma taarifa za programu (software) mnayoitengeneza kwa kujitolea kwenye magazeti, kimya, na sasa mnataka kuchangishana mlipie tangazo. Mimi najitolea hapa Dar kwenye OpenStreetMap, ramani ya dunia ya mtandaoni inayochorwa na watu wa kawaida, na wenzangu wameniachia kazi ya kuongea na waandishi. Hiyo hela msiitoe.

Ni kweli watu wa Firefox, ile programu ya kufungulia tovuti, walichangishana Desemba 2004 wakalipia kurasa mbili za New York Times, na majina ya wachangiaji kama 10,000 yakachapishwa humo. Lakini programu yao tayari ilikuwa imepakuliwa mara mamilioni. Ninyi jifunzeni zaidi kwa Ushahidi, tovuti ya ramani ya Kenya. Januari 2008, ghasia za baada ya uchaguzi zimepamba moto, serikali imepiga marufuku matangazo ya moja kwa moja, wananchi wanatuma taarifa za mitaani kwao zinaonekana kwenye ramani. Hapo walikuwa na kitu ambacho mwandishi alikihitaji siku ile ile.

Kwa mhariri, toleo jipya la programu si habari. Ndiyo maana sisi tunamtafuta mwandishi aliyewahi kuandika mafuriko, tena mwishoni mwa Februari, kabla ya masika, tunamwambia: tunapita Tandale kupima mitaro, karibu twende. Alikuja mmoja wa redio. Wanachuo tunaochora nao wakamweleza programu ya kwenye simu, akawa anaitikia tu, kinasa sauti kiko mfukoni. Tukafika kwa mama mmoja muuza mkaa, akaweka kiganja kwenye komeo la mlango wake: "Maji yaliishia hapa, wanangu. Na huo mtaro mnaoupima umeziba siku nyingi." Kinasa sauti kikatoka mfukoni saa hiyo hiyo. Kwenye kipindi mama aliongea kuliko sisi wote, na ramani ikatajwa kwa sababu ilionyesha mtaro umezibia wapi.

Suala la bahasha lazima niliseme. Msitoe. Mwambieni mwandishi mapema, kwenye simu, kwamba mradi ni wa kujitolea na posho hakuna. Wapo watakaokata simu, waacheni. Kijana anayechora ramani usiku kwa bando lake mwenyewe akisikia mweka hazina amemlipa mwandishi, humpati tena, na atakuwa na haki. Maji ya kunywa na chakula mnachokula wote, hapo sioni tatizo.

Andaeni ukurasa mmoja wa Kiswahili cha kawaida, picha za watu walioridhia kupigwa, na namba ya mtu atakayepokea hata saa tatu usiku, maana mhariri hupiga gazeti linapofungwa. Kama kazi yenu ni huria kama yetu, yaani yeyote anaruhusiwa kuitumia, semeni wazi kwamba gazeti linaruhusiwa kuichapisha bure. Kwetu sharti ni waandike tu "© Wachangiaji wa OpenStreetMap" chini ya ramani. Wasanifu wa kurasa wanafurahi sana, kwa sababu ramani nzuri ya kata ni ngumu kuipata. Na redio jamii msizidharau, wasikilizaji wake ndio watumiaji wenu.

Hujasema programu yenu inamsaidia nani hasa. Weka hapa, na mtaa mnaofanyia kazi, tukusaidie kujua mwandishi wa kumpigia.