Kabla mgodi haujakata utepe

Nilikaa miaka sita kwenye kitengo cha mahusiano ya jamii cha mgodi mmoja wa dhahabu Kanda ya Ziwa, Tanzania. Katika yote tuliyojenga, linalonitia haya hadi leo ni jengo la maabara ya shule. Lilikuwa zuri: vyumba vitatu, meza za vigae, sinki zinazong'aa. Mgeni rasmi alikata utepe, kwaya ikaimba, tukala pilau. Mwaka mmoja baadaye nilipita pale na mkuu wa shule akanifungulia mwenyewe. Sinki zilikuwa kavu, maana hakuna aliyeuliza maji yatatoka wapi. Chumba cha fizikia kilikuwa stoo ya mahindi. Mwalimu pekee wa somo hilo alikuwa ameomba uhamisho, amechoka kupanga chumba kwenye senta ya wachimbaji ambako kodi hupanda dhahabu ikipanda.

"Ndugu yangu," mkuu aliniambia bila hasira, "mngeniuliza, ningewaomba nyumba ya mwalimu."

Kwenye karatasi hatukuwa na kosa. Kifungu cha 105 cha Sheria ya Madini, kama kilivyorekebishwa mwaka 2017, kinamtaka mwenye leseni aandae mpango wa CSR (wajibu wa kampuni kwa jamii) kila mwaka, akubaliane na halmashauri, na mpango uzingatie vipaumbele vya huko. Tulifanya hivyo. Shida ilikuwa kalenda. Halmashauri inaanza mwaka wa fedha Julai mosi. Sisi tulihesabu Januari hadi Desemba. Kila Februari tulikuwa na fedha mkononi na haraka ya kuzitumia, tukaomba orodha, tukapewa iliyokuwepo mezani. Ukitaka kusikia shule inahitaji nini, nenda mapema, wakati vijiji vinaibua miradi yao, ukae nyuma mkutanoni na unyamaze. Kizibao cha mgodi kiache garini. Watu wakikiona huomba kile wanachodhani unapenda kutoa.

(Na tafadhali, ule ushuru wa huduma ambao mgodi hulipa kwa mapato ghafi ni haki ya halmashauri kisheria. Nimewahi kuona ukihesabiwa pamoja na misaada. Usifanye hivyo.)

Kisha, kabla ya kuchora ramani ya jengo lolote, omba daftari la mahudhurio. Ada si kikwazo kikuu tena kwenye shule za serikali. Iliondolewa hadi kidato cha nne kuanzia 2016, na kidato cha tano na sita mwaka 2022. Kinachomtoa mtoto darasani sasa kimo ndani ya lile daftari, ukijua kulisoma. Kwenye shule iliyo jirani na machimbo utaiona wiki ambayo mfumuko wa dhahabu ulitokea, yaani dhahabu imegunduliwa na watu wakaikimbilia: wavulana wa darasa la sita na la saba wametoweka kwa mkupuo. Wamekwenda kubeba mawe, au kusaidia kuchenjua, yaani kutenganisha dhahabu na mawe, zebaki viganjani. Kwa wasichana safu inakatika kidogo kidogo, siku chache kila mwezi. Hapo unahesabu vyoo. Kiwango cha serikali ni tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25. Kahesabu mwenyewe, usitegemee taarifa ya robo mwaka. Vyoo havipendezi kwenye picha, ndiyo maana hubaki mwisho wa orodha.

Mradi wetu uliowarudisha watoto wengi kuliko yote ulikuwa wa bei ndogo kiasi kwamba makao makuu walitaka kuuondoa kwenye ripoti. Wazazi walikuwa tayari wanachanga mahindi na maharage, ila hapakuwa na jiko wala maji ya kupikia, na mpishi halipwi. Tukajenga jiko banifu na tangi la kuvuna maji ya mvua. Kijiji kikakubali kumlipa mpishi. Wale wavulana hawakurudi wote, sitadanganya, lakini wengi walirudi, kwa sababu machimboni nao walikuwa wanafuata chakula.

Sisemi majengo hayana maana. Mwaka 2023 kampuni ya migodi ya Barrick ilitangaza pamoja na Serikali programu ya dola milioni 30 kwa ajili ya madarasa, mabweni na vyoo vya kidato cha tano na sita. Hapo naona hesabu: ada ya madarasa hayo ilikuwa imetoka kuondolewa mwaka uliotangulia, wanafunzi wangeongezeka na pa kulala hapakutosha. Jengo lilifuata watoto. Kwetu watoto walitakiwa wafuate jengo.

Kwa vijana waliokwisha kumaliza shule, ushauri wangu ni mfupi: walipie ufundi, na uwapokee kwa mazoezi karakana kwako. Mgodi unahitaji wachomeleaji, mafundi umeme na mafundi wa mitambo kila siku, na chuo cha ufundi cha VETA Moshi kimewahi kuendesha mafunzo ya namna hiyo pamoja na kampuni za madini. Ufadhili unaoishia kwenye cheti, huku mgodi ukileta fundi kutoka mbali, huzaa chuki ambayo hakuna mkutano wa hadhara utakaoipoza.

Jambo la mwisho ndilo gumu kulisema ofisini: mgodi una mwisho. Mgodi wa dhahabu wa Buzwagi, pale Kahama, uliacha uzalishaji mwaka 2021. Kwa hiyo kabla msingi haujachimbwa, andikeni ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, usainiwe na mgodi, halmashauri, serikali ya kijiji na mkuu wa shule. Nani anabadilisha pampu ikiungua? Nani ananunua kemikali za maabara mwaka wa tatu? Mwalimu yuko kwenye ikama (orodha ya watumishi walioidhinishwa) au ni ahadi? Ukikosa jibu la mstari mmoja, ahirisha ujenzi. Mimi niliahirisha mara mbili, na mara zote mbili diwani alinuna miezi kadhaa.

Shule ile ya maabara tuliichimbia kisima baadaye, na nyumba ya walimu ya familia mbili ikajengwa nyuma ya jengo. Hakukuwa na utepe. Mkuu alinipigia simu siku mwalimu mpya wa fizikia alipohamia, akaniuliza kama mgodi una gari la kuhamishia mahindi.