Fundi wa vigae anadai hela iliyobaki

Dada, kama vigae vya bafuni vimeanza kubanduka wiki ya pili tu, hiyo 150,000 iliyobaki anayodai fundi wako usimpe kwanza. Gonga kigae kimoja kimoja kwa sarafu. Kinacholia kama debe tupu, saruji haikushika chini. Kitie alama ya chaki, upige picha. Mwite aje aone mwenyewe mbele ya shahidi, muandikishane atarudia lini na saruji ananunua nani (hapo ndipo ugomvi wote huanzia). Akikuzungusha, nenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Mafundi wengi hulainika wakiona barua ya wito. Ikishindikana kuna Mahakama ya Mwanzo. Polisi usihangaike nao, hili ni dai tu, si jinai.