Kadi badala ya rimoti ya king'amuzi

Swali: Mama yangu haoni vizuri, vitufe vya rimoti ya king'amuzi vinamshinda. Nimefunga kihisi cha ishara za mkono, APDS-9960, kwenye kompyuta ndogo ya ESP32 ili apunge mkono tu kubadilisha chaneli. Usiku kinatii, mchana chaneli zinahama zenyewe. Tatizo liko wapi?

Jibu: Tatizo ni jua. Kihisi hicho humulika infraredi, mwanga usioonekana kwa macho, na kupima inayorudi, na mwanga wa dirishani umejaa infraredi hiyohiyo. Ukikigeuzia dirisha mgongo utapata nafuu, lakini bado mkono lazima upite ndani ya sentimita 20 hivi, na mama hana cha kupapasa. Achana nacho, mpe kadi: akiiweka juu ya kisanduku, ESP32 itume msimbo wa chaneli hiyo kama rimoti.

Kwanza hakikisha rimoti ni ya infraredi: ielekeze kwenye kamera ya mbele ya simu, ubonyeze. Taa yake ndogo ya mbele ikimweka, endelea. Isipomweka hata kidogo, huenda inatumia redio, na njia hii haitakufaa.

Kila chaneli iwe na kadi yake ya MIFARE, aina inayosomwa kwa redio bila kuchomekwa, na kisomaji chake RC522 kikae ndani ya kisanduku cha mbao. Kipe volti 3.3, ukikipa 5 unakiunguza. Kifuniko kiwe chembamba, kwani husoma sentimita chache tu. Bandika juu ya kadi alama ya kupapasa, kama kifungo cha shati au kipande cha ukili. Sarafu usithubutu: chuma kinaziba antena.

Nakili misimbo ya rimoti kwa kipokezi cha infraredi VS1838B na maktaba ya programu ya IRremoteESP8266. Kwa kutuma, tumia LED ya nanomita 940, rezista ya omu 33 kutoka volti 5, transista PN2222A, na omu 470 kwenye beisi. Angalia miguu: P2N2222A imepangwa kinyume, na hapo ndipo wengi hupoteza jioni nzima.

Chaneli 105 hutumwa tarakimu moja moja. Anza na milisekunde 300 kati yake: ukiharakisha king'amuzi kinameza tarakimu, ukichelewa kinakwenda chaneli ya 1. Kadi ikishasomwa, ita PICC_HaltA, amri ya kuinyamazisha kadi, la sivyo ikisahaulika juu ya kisanduku inaweza kusomwa tena na tena.

Sauti iendeshwe na swichi ya kuzungusha KY-040, kama ile ya redio za zamani. Pini yake ya + iende volti 3.3, si 5, kwa sababu rezista zake hupeleka volti hizo kwenye pini za ESP32. Weka kapasita ya nanofaradi 100 kutoka kila moja ya pini zake za CLK na DT hadi grauni, isiruke mipigo. Mzunguko mmoja ni mipigo 20, na kila mpigo unatuma msimbo mmoja. Msimbo wa NEC, mojawapo ya aina za misimbo ya rimoti, huchukua milisekunde 108, kwa hiyo foleni yake ni zaidi ya sekunde 2 na sauti itaendelea kupanda mkono ukiwa umeshatulia. Ruhusu misimbo 3 tu isubiri, mingine itupe.

Kuwasha na kuzima usikuweke kwenye kadi. Kwa kawaida msimbo ni uleule kwa yote mawili, na kisanduku hakijui kama king'amuzi kimewaka. Weka kitufe kimoja kikubwa pembeni.