Jibu: Mdogo wangu anatoka gerezani, ana skizofrenia na alikuwa anatumia heroini

Pole sana, dada. Nimekuelewa: anatoka mwezi ujao, na kliniki inasema aache unga (heroini) kwanza ndipo atibiwe akili. Hilo usilikubali. Maradhi haya mawili, skizofrenia na uraibu, yanachocheana, hivyo yatibiwe pamoja, na timu moja ikiwezekana.

Anza kabla hajatoka. Kupitia wakili au ofisa ustawi wa gereza, omba barua ya daktari yenye majina ya dawa, dozi na tarehe ya sindano ya mwisho ya dawa ya akili, kama anachomwa. Miadi ya kliniki iwe imeshapangwa. Akikatiza dawa, sauti ambazo wenye skizofrenia husikia bila mtu kusema zinaweza kurudi, na baadhi hutafuta unga ili kuzinyamazisha.

Hatari kubwa kuliko zote ni wiki 2 za kwanza nje. Mwili umeshapoteza uzoefu wa unga, kwa hiyo kipimo chake cha zamani kinaweza kumuua. Ulizia kama ataanzishiwa methadoni au buprenofini, dawa za kutibu uraibu wa heroini, akiwa bado ndani (daktari ajue dawa zake zote, maana methadoni na baadhi ya dawa za akili huvuruga mapigo ya moyo). Wekeni naloksoni, dawa ya kumwokoa aliyezidisha heroini, nyumbani na mjifunze kuitumia. Asipoamka, au akipumua kwa kukoroma, mpeni na mwite gari la wagonjwa papo hapo.

Kama pia anakunywa pombe sana au anameza vidonge vya usingizi, asiache ghafla bila daktari. Arosto (mateso ya mwili anapoacha) ya heroini inatesa. Ya pombe inaweza kuua kwa degedege.

Akitaja kujiua, hospitali siku hiyo hiyo. Msisubiri miadi.