Maswali na majibu: akiba ya vyakula vilivyokaushwa kwa kugandishwa

Maswali mengi yaliyonifikia kuhusu akiba ya chakula cha nyumbani yanagusa kitu kimoja: vyakula vilivyokaushwa kwa kugandishwa, vile vya kwenye makopo makubwa na mifuko ya foili vinavyorudi kuwa laini ukivimwagia maji. Ni vyakula vizuri sana vikitumika mahali pake. Lakini ni ghali, na nimeona familia zikitumia fedha nyingi kununua akiba isiyoweza kuwashibisha. Nimeyajibu yale yanayoulizwa zaidi.

Ndugu mwandishi, mimi hukausha matunda na mboga juani. Hivi vya kugandishwa vina nini cha ziada hata viuzwe mara kadhaa zaidi?

Tofauti iko kwenye jinsi maji yanavyotoka. Juani, maji ya ndani ya tunda husogea polepole hadi kwenye ganda yakiwa bado maji, na kadiri yanavyopungua tunda linasinyaa, linakuwa gumu na rangi inageuka. Kwa njia ya kugandisha, chakula hugandishwa kwanza kikawa kigumu kabisa, kisha huingizwa kwenye mtambo ulioondolewa karibu hewa yote. Kwenye ombwe hilo barafu haiyeyuki, bali inageuka mvuke moja kwa moja. Pale palipokuwa na chembe ya barafu panabaki kitundu, na umbo la chakula linabaki vilevile. Vunja kipande cha stroberi iliyokaushwa hivi ukitazame mwangani: ndani kimejaa vitundu vidogo mno, na rangi bado ni nyekundu. Maji hupenya humo kwa dakika chache. Tunda la juani hulowekwa muda mrefu na bado halirudi lilivyokuwa.

Faida nyingine ni ukavu wenyewe. Matunda ya juani kwa kawaida hubaki na unyevu wa asilimia 15 hadi 20. Haya hubaki na asilimia chache tu, ndiyo maana yanaweza kukaa miaka mingi. Na kwa kuwa hayakupitia joto kali, vitamini C hubaki kwa kiasi kikubwa zaidi.

Je, inafaa kulipia? Kwa baadhi ya vyakula tu. Mchele mweupe, dengu, ngano, sukari na chumvi ni vikavu tangu mwanzo, na ukivifunga vizuri vitakaa miaka mingi kwa gharama ndogo. Fedha ya kugandisha ipeleke kwa vile vinavyoharibika upesi: nyama, mayai, matunda laini, njegere, mboga za majani. Maharagwe yana jambo lake. Maharagwe makavu ya kawaida yakizeeka stoo huwa magumu na hula moto kwa saa nyingi. Yaliyopikwa kwanza kisha yakakaushwa kwa kugandishwa yanahitaji maji ya moto na subira ya dakika kadhaa. Kama hofu yako kubwa ni kukosa cha kupikia, hapo usione hasara kununua makopo mawili.

Nimeona boksi la dharura limeandikwa "milo 120, siku 30 kwa mtu mmoja". Tuko watu wazima wanne. Nikinunua maboksi manne nimemaliza mwezi?

Hapana, na hapa ndipo watu wanapoumia zaidi. Idadi ya milo haikwambii chochote mpaka ujue kila mlo una ukubwa gani. Geuza boksi, tafuta jedwali la virutubishi, usome kilokalori za mlo mmoja. Tuseme ni 250. Zidisha kwa 120, unapata 30,000. Mtu mzima anahitaji takriban 2,000 kwa siku, na anayefanya kazi ya nguvu anahitaji zaidi. 30,000 kugawa kwa 2,000 ni siku 15. Maboksi yako manne ni chakula cha nusu mwezi.

Usiishie hapo. Soma milo hiyo 120 ni ya nini hasa. Utakuta vinywaji vitamu vya unga vimehesabiwa pamoja na wali na mchuzi, na kila kimoja kimeitwa mlo. Tazama pia protini: mtu mzima mwenye kilo 60 anahitaji kama gramu 50 kwa siku. Boksi linalotoa nishati yake nyingi kwa sukari litakuacha na njaa saa mbili baada ya kula. Mimi huwashauri watu wasahau hesabu ya milo kabisa, walinganishe maboksi kwa vitu viwili: jumla ya kilokalori na jumla ya gramu za protini, kisha wagawe bei kwa hizo. Boksi lililoonekana rahisi mara nyingi ndilo hugeuka ghali.

Halafu kuna maji, ambayo hukuyataja. Chakula hiki kimeondolewa maji, na lazima uyarudishe. Nyama mbichi ni maji kwa karibu asilimia 70, kwa hiyo gramu 300 za nyama kavu zinataka karibu gramu 700 za maji zirudi kuwa kilo moja. Kadiria lita 4 kwa kila mtu kwa siku kwa kunywa, kupikia na usafi wa lazima. Kwa watu wanne, siku 15, ni lita 240. Kama huna mahali pa kuweka maji hayo wala njia ya kusafisha mengine, punguza makopo kwanza ununue mapipa.

Makopo yameandikwa kwamba yanakaa miaka 25. Ni kweli, au ni maneno ya biashara?

Inawezekana, kwa kopo ambalo halijafunguliwa, lililofungwa bila oksijeni na kuwekwa mahali pakavu, penye giza na ubaridi. Toa sharti moja na miaka inapungua. Joto ndilo hupuuzwa zaidi. Kwa makadirio ya kawaida, joto likipanda kwa nyuzi 10 za Selsiasi, mabadiliko yanayoharibu ladha na vitamini huenda kwa kasi karibu maradufu. Makopo yaleyale yakiwekwa chini ya paa linalowaka mchana kutwa hayatafika popote karibu na tarehe hiyo. Yaweke kwenye chumba kilicho baridi kuliko vyote nyumbani, juu ya rafu, yasigusane na sakafu yenye unyevu, kwa sababu bati likipata kutu na kutoboka kilichomo kimekwisha.

Na tafadhali elewa kwamba miaka hiyo inakoma siku unapofungua kopo. Chakula chenye vitundu hivyo hunyonya unyevu wa hewa kwa pupa. Weka vipande vya embe kavu kwenye bakuli wazi siku ya mvua. Asubuhi vilikuwa vinakatika kwa mlio. Jioni vinapinda na kunata vidoleni. Vikifika hapo havifai tena kurudishwa kwenye akiba, vileni. Kwa hiyo usinunue kopo la lita 3 la kitu ambacho nyumba yako hula kijiko kimoja kwa wiki. Ukinunua, siku ya kulifungua gawanya vyote kwenye mitungi ya kioo yenye vifuniko vinavyobana, tia pakiti mpya ya kufyonza oksijeni katika kila mmoja, na bakiza mtungi mmoja wa kutumia.

Hizo pakiti ndogo za kufyonza oksijeni, nitajuaje kama bado zinafanya kazi? Na zinawekwa kwenye kila kitu?

Ndani yake kuna unga wa chuma, na chuma kinaposhika kutu huchukua oksijeni iliyo hewani. Pakiti nzima ukiibonyeza unasikia unga laini. Iliyokwisha kazi huwa ngumu kama kokoto. Ukifungua furushi lake, zitumie upesi na zilizobaki zifunge papo hapo, maana zinaanza kazi mara zinapokutana na hewa. Kwenye sukari usiziweke, itagandamana ikawa donge. Na usizitumie kwenye chakula chenye unyevu zaidi ya asilimia 10 hivi, kwa sababu bakteria wanaotoa sumu ya botulini hustawi pasipo na oksijeni.

Habari za kazi. Mimi ni mama wa watoto wadogo wawili. Nimepata nyama na mayai vilivyokaushwa kwa kugandishwa. Nikishavilowesha, wanaweza kula hivyohivyo?

Nzuri, mama. Kwanza soma kama viliandikwa vimepikwa. Hili naomba lichukuliwe kwa uzito, kwa sababu ukavu unawadanganya wengi. Kugandisha na kukausha hakuui vijidudu. Maabara hutumia njia hiyohiyo kuhifadhi bakteria wakiwa hai kwa miaka. Salmonela iliyokuwa kwenye yai bichi hubaki imelala ndani ya unga wa yai, na ukiipa maji ya uvuguvugu inaamka. Kilichokaushwa kibichi ni kibichi: kiloweshe kwenye maji baridi, kipike hadi ndani kabisa, na usikionje kabla. Osha bakuli, kijiko na mikono kama ulivyogusa nyama ya buchani. Kilichopikwa kabla ya kukaushwa kinaliwa baada ya kuloweshwa. Kikishalowa, kihesabie saa mbili tu nje ya friji, kama chakula kingine chochote. Na mtoto mdogo sana usimpe vipande vikavu vya nyama avitafune, vinaweza kumkaba.

Siagi, siagi ya karanga na asali vinakaushwa hivi?

Havifai. Mtambo unaondoa maji, na mafuta hayaondoki kwa njia hiyo. Yanabaki na baadaye yanachacha. Asali haina maji ya kutosha kugandika vizuri, na tena haihitaji msaada wowote, iko salama ndani ya chupa yake. Kwa sababu hiyohiyo ya mafuta, ukichagua nyama chagua isiyo na mafuta, na mchele wa kahawia usiuweke kwenye akiba ya miaka mingi. Mafuta ya kupikia nunua kidogokidogo uyazungushe.

Mume wangu ana shinikizo la damu. Milo iliyo tayari ina chumvi nyingi?

Mingi ina chumvi nyingi mno. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, sawa na miligramu 2,000 za sodiamu. Lebo nyingi hutaja sodiamu, kwa hiyo zidisha mara 2.5 upate chumvi. Mlo wenye miligramu 800 una gramu 2. Akila mitatu amefika gramu 6, na bado hajaonja kingine. Dada, achana na milo iliyochanganywa. Nunua makopo yenye kitu kimoja kimoja: kuku mtupu, njegere tupu, mahindi matupu, nyanya tupu. Yachanganye mwenyewe na utie kitunguu saumu kikavu, pilipili, ndimu ya unga. Ni kazi kidogo zaidi, lakini chumvi inabaki mkononi mwako. Na dawa zake ziwe na akiba yake pia, kwa mpango wa daktari.

Sina uwezo wa kununua mtambo. Naweza kukausha kwenye friza ya nyumbani?

Sikushauri. Ni kweli kwamba barafu hugeuka mvuke hata kwenye friza. Zile kingo nyeupe kavu za nyama iliyokaa muda mrefu ndizo hizo. Lakini bila ombwe kazi hiyo huchukua wiki nyingi, na katikati hubaki unyevu usiouona. Hata kwenye mtambo wenyewe mzunguko mmoja mara nyingi hupita saa 24, na mtumiaji makini huvunja kipande kinene na kukigusa: kikiwa na ubaridi ndani, bado kuna barafu, kinarudishwa. Endelea na kukausha juani, ukile ndani ya mwaka.

Kijana niliyeanza maisha nauliza: nina fedha ya makopo matatu tu. Ninunue yapi?

Kijana wangu, usinunue makopo matatu. Nunua mifuko mitatu midogo ya kuonja: nyama moja, mboga moja, tunda moja. Vipike katika wiki ya kawaida, ukiwa na njaa ya kawaida, kwa jiko na maji utakayokuwa nayo umeme ukikatika. Angalia tumbo lako linavyopokea, maana wengine hupata shida wakibadilisha chakula ghafla. Fedha inayobaki nunua mchele mweupe, maharagwe, chumvi na mafuta ya wiki mbili, pamoja na madumu ya maji. Mfuko utakaokupendeza, huo ndio urudi kuununua kwa kopo. Mwezi unaofuata fanya hivyo kwa kitu kingine. Andika tarehe ya kununua kwa kalamu isiyofutika kwenye kila kopo, kipya kiwe nyuma ya rafu, cha zamani mbele.