Usimwombee Radhi Mtoto Wako Mbele Yake

Mwanangu alipofikisha miaka minne nilikuwa nimeshazoea kuomba radhi. Tukiingia mahali, kabla hajagusa kitu, mimi nimeshaanza: "Mtusamehe, huyu hatulii." Siku moja mwalimu wake wa chekechea alinivuta kando akaniambia, "Mama, usimsemee hivyo mbele yake. Anasikia." Maneno yale yalinichoma, na nashukuru yalinichoma.

Niliomba nikae darasani asubuhi moja nimtazame mwalimu huyo akifanya kazi. Hakupaza sauti hata mara moja. Mwanangu alipoanza kujinyonganyonga kwenye kiti, alipewa kazi: kagawe madaftari, futa ubao. Mwalimu alipotaka kumwelekeza, alimwita jina, akasubiri macho yao yakutane, ndipo akatoa agizo moja. Moja tu! Mimi nyumbani nilikuwa natoa matano kwa pumzi moja, vaa viatu, chukua mkoba, acha hicho, njoo, fanya haraka, kisha namkasirikia kwa kushika la mwisho peke yake. Siku hizi nachuchumaa, namwangalia usoni, nasema moja, nangoja.

Kingine kilichonifungua macho ni mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019. Mtoto wa miaka 3 au 4 anatakiwa kuushughulisha mwili angalau dakika 180 kwa siku, na 60 kati ya hizo ziwe za kukimbia na kuruka hasa. Usingizi nao, jumla ya saa 10 hadi 13 kwa siku. Nilipohesabu siku zetu mbaya, nyingi zilikuwa siku alizokaa ndani au kulala kwa kuchelewa. Mtoto wa namna hii akichoka hasinzii, anazidi kurukaruka.

Basi tukatafuta mchezo. Kocha wa kwanza alimsimamisha akiangalia ukuta kwa kosa la kuzungumza, na hatukurudi tena. Ushauri wangu hapa ni mmoja: nenda ukatazame mazoezi kabla hujamwandikisha mtoto, na usimwangalie anayefanya vizuri. Mwangalie anayekosea, uone anatendewa nini.

Wa pili alikuwa kocha wa judo, mchezo wa Kijapani unaofanana na mieleka. Katika judo mtoto hafundishwi kwanza kumwangusha mwenzake, anafundishwa kuanguka yeye mwenyewe bila kuumia. Kwa mwanangu, ambaye kuanguka ilikuwa desturi yake ya kila siku, somo hilo lilimfaa mno. Kisha kuna neno la Kijapani, "matte", maana yake subiri. Kocha akilitamka, kila mtu anasimama alipo. Miezi ya mwanzo mwanangu alikuwa wa mwisho kusimama, na kocha alimngoja bila kumkaripia, akaendelea pale pale walipoishia. Nililiomba neno hilo nikalileta nyumbani. Linafanya kazi kuliko "acha!", kwa sababu mtoto amelizoea mahali anapojisikia hodari.

Si kila mtoto mchangamfu ana tatizo la kiafya. Lakini kama hali hiyo ya kutotulia inaonekana nyumbani na shuleni pia, imedumu zaidi ya miezi sita na inamzuia kujifunza au kupata marafiki, mpeleke kwa daktari. Mwombe mwalimu na kocha wakuandikie wanachokiona, maana daktari atamwona kwa muda mfupi tu, na wao wanamwona wiki nzima.

Pia usisubiri uitwe shuleni kwa malalamiko. Nenda mwenyewe, umwulize mwalimu ni wakati gani mwanao hutulia zaidi. Mimi nilijibiwa: akishatoka kucheza wakati wa mapumziko. Tangu siku hiyo mazoezi ya kusoma tunayafanya baada ya kukimbia nje, hata kama giza linakaribia na mimi nimechoka.